Kigugumizi cha mikono

Mpira ulikuwa hatua moja tu kutoka shimoni. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 7 Aprili 2016, siku ya kwanza ya mashindano ya Masters huko Augusta, jimbo la Georgia nchini Marekani, na wachezaji walikuwa ndio kwanza wanafungua shimo la kwanza. Aliyeinama juu ya mpira ule alikuwa Ernie Els wa Afrika Kusini. Alisukuma, ukapita pembeni. Akausogelea, akasukuma tena, ukapita. Akarudia, na akarudia. Ulipozama hatimaye, alikuwa ameusukuma mara sita. Shimo linalotakiwa kumalizwa kwa mikwaju 4 lilimgharimu 9, na katika historia yote ya Masters hakuna aliyewahi kuandikiwa mikwaju mingi zaidi pale. Hata waandishi wa matokeo walichanganyikiwa: kwanza waliandika 10, baadaye wakasahihisha.

Asiyemjua Els angedhani huyu ni mgeni aliyepotea njia. Kumbe ni bingwa mara mbili wa US Open, 1994 na 1997, na mara mbili wa The Open ya Uingereza, 2002 na 2012. Jina lake la utani ni The Big Easy, kwa ukubwa wa mwili wake na kwa ulaini wa mapigo yake. Makocha tumewaonyesha wanafunzi picha zake za video kwa miaka mingi: mtu mrefu anayezungusha fimbo bila papara, na mpira unaondoka kama risasi. Mikono ile ile ndiyo iliyoshindwa mbele ya shimo lililo umbali wa chini ya mita moja.

Watu wengi hudhani kwamba kadiri shimo linavyokuwa karibu, ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Kwa hesabu, ni kweli. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na mpira hauruhusiwi kupungua milimita 42.67. Ukiwa umbali wa mita moja, unaweza kukosea mwelekeo kwa nyuzi 3 hivi upande wowote na mpira bado ukaingia, mradi usiende kasi. Ukienda kasi, shimo ni kama limesinyaa, kwa sababu mpira huparuza ukingo na kutoka. Kwenye grini za Augusta, zenye miteremko na nyasi zilizonyolewa, mpira uliokosa shimo hausimami karibu. Unateleza, na msukumo wa kurudi unakuwa mgumu kuliko ule wa kwanza.

Lakini hesabu haikumwangusha Els. Kilichomwangusha ni kile ambacho wachezaji hukiita kwa Kiingereza yips, nami darasani hukiita kigugumizi cha mikono. Mwenye kigugumizi analijua neno, ana ulimi mzima, ila neno linakwama mlangoni. Mchezaji naye anajua mstari na anajua nguvu inayotakiwa, lakini fimbo inapokaribia kugusa mpira, kiganja kinashtuka chenyewe. Mtafiti wa mfumo wa neva atakwambia kwamba baadhi ya wachezaji wana hitilafu ya misuli iliyozoea tendo moja kwa miaka mingi, ndugu wa ile inayowapata wapiga piano na waandishi wa mkono. Wengine tatizo lao ni wasiwasi. Wengi, kwa uzoefu wangu, wana mchanganyiko wa yote mawili.

Kwa nini basi kigugumizi hicho hakiwapati kwenye pigo kubwa? Pigo la kwanza la shimo hutumia misuli mikubwa ya miguu, nyonga na mgongo. Kichwa cha fimbo ya bingwa hupita kilomita 180 kwa saa, na safari ya kushuka ni kama robo ya sekunde. Akili haipati nafasi ya kuingilia. Msukumo mfupi ni polepole na mdogo, unategemea vidole na viganja, na ndani ya upole huo fikra ina muda wa kutosha kuja kuuliza: je, nikikosa?

Els alikuwa ameshapata dawa, kisha ikaondolewa. Zamani aliwahi kuilaumu fimbo ndefu ambayo mpini wake hukitwa tumboni, halafu mwaka 2011 akaanza kuitumia na kukiri wazi kwamba, maadamu inaruhusiwa, naye atadanganya kama wenzake. Mwaka uliofuata akatwaa The Open pale Royal Lytham kwa fimbo hiyo hiyo. Siri yake ni rahisi: ncha ikishikizwa mwilini, fimbo inabembea kama pendulamu, na kiganja kinachotetemeka hakina cha kuharibu. R&A na USGA, wenye sheria za gofu, walipiga marufuku kukita fimbo mwilini kuanzia 1 Januari 2016. Miezi mitatu baadaye Els alikuwa Augusta na fimbo fupi. Alieleza kwamba ni kama nyoka wamemwingia kichwani, na maelezo hayo nayaona sahihi kuliko vitabu vingi.

Hayuko peke yake. Sam Snead, mwenye mataji 82 ya PGA Tour, alifika mahali akawa anapanua miguu huku na huku na kusukuma mpira katikati ya miguu akilitazama shimo, hadi sheria ikamkataza mwaka 1968. Akageukia kusimama ubavuni. Bernhard Langer wa Ujerumani, bingwa wa Masters 1985 na 1993, kuna kipindi alibana mpini kwenye mkono wa kushoto kwa kutumia kiganja cha kulia, kama mtu anayejifunga banzi. Watazamaji walitabasamu. Mimi naona ushujaa: mtu anakubali kuonekana wa ajabu mbele ya dunia ili aendelee kucheza.

Siku ile Els hakuondoka uwanjani. Alimaliza raundi kwa mikwaju 80. Toa ile 9 ya mwanzo: mashimo 17 yaliyobaki aliyacheza kwa mikwaju 71, mitatu tu zaidi ya inayotakiwa.