Mjusi wa Bukini Aliyehitimu Kujificha

Askari yeyote aliyepitia depo anayakumbuka mambo yanayomfichua mtu porini: umbo, kivuli, mng'ao na mwendo. Katika misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini, yuko mjusi anayeyashinda yote manne pasipo kufundishwa na sajini yeyote. Wataalamu humwita Uroplatus fimbriatus, naye ni mwenyeji wa kisiwa hicho pekee.

Ni ndugu wa mjusi kafiri wa kutani mwetu, ila huyu hufikia sentimita 30 hivi, na mkia wake ni bapa mithili ya jani. Mchana hujibandika kwenye shina la mti, kichwa chini, akatulia tuli hadi jua lichwe. Rangi yake huifuata ile ya gome, pamoja na madoa ya kuvumwani. Lakini siri yake kubwa ni kivuli. Kuanzia tayani hadi ubavuni amezungukwa na matamvua ya ngozi, ambayo huyalaza juu ya gome. Basi haonekani mwili unapoishia wala mti unapoanzia, na kivuli cha kumsaliti hakipo. Mavazi yetu ya mabaka, pamoja na gharama zake zote, hayajafika hapo.

Usiku hutoka kuwinda wadudu. Akigunduliwa, huinua mkia na kupanua kinywa chekundu mno. Sumu hana, ni vitisho vitupu.

Hata hivyo, ngome yake yote yategemea gome. Msitu ukifyekwa na kuchomwa kwa kilimo cha mpunga, ambacho Wamalagasi hukiita tavy, hana tena pa kujibandika. Adui mwingine huja na tochi, kumkamata ili auzwe ng'ambo kwa wafugao wanyama wa ajabu majumbani. Mwaka 2004 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kuwa jamii yote ya Uroplatus isivushwe mpaka bila kibali. Ndipo kazi ikawaangukia askari wa forodha na polisi wa viwanja vya ndege, wamsake sandukuni kiumbe asiyejitikisa.

Katika kisiwa kidogo cha Nosy Mangabe, ndani ya ghuba ya Antongil, wageni huonyeshwa shina la mti kwa hatua chache tu. Hukodoa macho, wasione kitu, hadi kiongozi wao anyooshe kidole.