Daraja Dogo, Maji Makubwa

Agosti 1969, kimbunga Camille kilipiga pwani ya jimbo la Mississippi, Marekani, kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha upepo. Bahari ilipanda zaidi ya mita 7. Nyumba ambazo maji hayakuzifikia zikahesabiwa kuwa salama: kama zilinusurika Camille, kipi kingine kingeziweza? Agosti 29, 2005, kikaja Katrina, na kilipofika hapo kilikuwa kimeshuka hadi daraja la 3. Baadhi ya wenyeji wakaamua kutohama. Safari hii bahari ilipanda zaidi ya mita 8 na kuingia mitaa ambayo Camille iliiacha kavu. Wako waliokufa maji ndani ya nyumba walizoziamini.

Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakipima mistari ya matope iliyobaki kwenye kuta za ndani, mahali ambapo maji yalitulia bila kurushwa na mawimbi. Vipimo hivyo vililinganishwa na hesabu za kompyuta zinazotumia upepo, njia ya kimbunga na kina cha bahari. Sababu ya kimbunga cha daraja dogo kuleta maji mengi zaidi ikawa wazi. Katrina ilikuwa na upepo hafifu kuliko Camille ufukweni, lakini ilikuwa pana mno, na siku moja kabla ilikuwa ya daraja la 5 baharini, ikisukuma maji mengi kuelekea nchi kavu. Kina cha bahari nacho huhusika: penye kina kirefu, maji yanayosukumwa hupata njia ya kurudi chini kwa chini. Penye maji ya kina kifupi hayana pa kwenda ila kupanda. Mwaka 2010 Wamarekani waliondoa vimo vya maji katika kipimo chao cha madaraja, kwa kuwa daraja la upepo peke yake haliwezi kuvitabiri.

Haya yanatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, mji uliokaa chini mbele ya bahari ya kina kifupi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, ingawa kilikuwa kimepungua nguvu. Tusitishane: vimbunga ni nadra kwetu, na sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania ina kina kirefu karibu na ufuko. Lakini kati ya Mafia na delta ya Rufiji bahari ni ya kina kifupi, na huko tahadhari iwe kubwa zaidi. Mikoko husaidia: hukata mawimbi na kupunguza kimo cha maji, mradi msitu uwe mpana. Ukanda mwembamba hauwezi kumlinda mama aliyebaki nyumbani na watoto.

Mvuvi tayari ana nusu ya elimu hii. Anajua tofauti ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Kimbunga kikifika wakati bamvua imejaa, maji yake hujumlishwa juu ya bamvua hiyo. Katika pwani yetu, upande wa kusini wa kimbunga kinachoingia kutoka mashariki ndio ambao upepo wake husukuma bahari kuja nchi kavu.

Basi tangazo la kimbunga likitoka, usiishie kuuliza kasi ya upepo. Uliza bahari itapanda mita ngapi, saa ngapi, na kama ni bamvua. Ukiambiwa uhame, hama, hata kama kimbunga kilichopita hakikufika mlangoni pako.