Funguo za Marehemu: Akaunti za Simu katika Mirathi (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia za makala hii zilieleza habari ya nyumba na viwanja, kisha habari ya magari, vyombo na bidhaa za dukani, na namna vitu hivyo vinavyogawanywa chini ya Sheria ya Familia ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Leo twaingia katika jambo ambalo waliotunga sheria ile mwaka 1987 hawakuweza kuliwazia, kwa maana halikuwapo: mali, barua, picha na jina ambavyo mtu huviacha ndani ya simu yake, na katika akaunti alizozifungua kwa njia ya simu hiyo.

Zamani, mji wetu wa Likasi ulipokuwa ukiitwa Jadotville, mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière aliyefariki huko Shituru au Panda aghalabu alimwachia mjane wake sanduku chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwamo kitabu cha akiba, karatasi za kazi, barua za ndugu waliobaki kijijini, na labda picha mbili tatu zilizopigwa studio. Mjane alifungua, akaona. Na asipojua kusoma, mtoto wake alimsomea. Leo vitu vyote vile vimehama. Falanga zimo katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Barua zimo katika WhatsApp. Picha zimo katika akaunti ya Google. Jina la mtu na sura yake vimo katika Facebook. Na tangu wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines walipoacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003 na 2004, aila nyingi za hapa zimetawanyika, mtoto mmoja Kolwezi, mwingine Lubumbashi, mwingine Afrika Kusini au Ubelgiji, hata ikawa simu ndiyo sebule wanamokutana. Simu ya mzazi ikifungwa na mauti, na asijulikane mwenye ufunguo, watoto hawapotezi falanga peke yake, bali hupoteza pia sauti ya mama yao akiwasalimu asubuhi.

Kwa kuwa mambo haya huchanganywa sana, na mchanganyiko huo ndio unaozaa ugomvi, nataka kwanza kuyatenga mafungu matatu. Lipo fungu la mali, lipo fungu la siri, na lipo fungu la jina. Mali ni falanga na kila kitu chenye thamani ya kuuzwa. Siri ni barua na mazungumzo, ambayo nusu yake si ya marehemu, bali ni ya wale waliomwandikia wakiamini kwamba atasoma yeye tu. Jina ni ule ukurasa ambao watu wote huuona. Sheria yetu yalijua fungu la kwanza bila shaka yoyote. Mafungu mawili mengine kila mtu inampasa ayatengenezee njia mwenyewe, angali hai na akili yake timamu.

Tuanze na mali, maana ndiyo inayogombaniwa kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Tazama mambo yanavyokwenda katika kilio. Watu wameketi juu ya mikeka na viti vya kukodi, wanaume wanajadili bei ya jeneza, na kijana mmoja wa jamaa anamwinamia mjane na kumwambia kwa sauti ya chini: «Mama mkubwa, niletee simu ya baba, nikutolee falanga za jeneza.» Kijana huyo anaijua ile namba ya siri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitumwa kwa wakala penye mwavuli, na mama, katika fadhaa yake, anaitoa simu. Pengine kijana ni mwaminifu, na jeneza litanunuliwa kweli. Walakini, tangu pumzi ilipomtoka marehemu, falanga zile si zake tena, wala si za yule ajuaye namba: zimekwisha kuwa mirathi. Na sheria imeyagawa mafungu yake wazi: watoto wa marehemu, walio warithi wa daraja la kwanza, huchukua robo tatu, na robo iliyobaki huwaendea walio wa daraja la pili, yaani mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Atoaye falanga hizo kwa siri huwa amechukua haki ya mayatima, hata kama nia yake ilikuwa njema. Na mjane aliyempa simu ndiye atakayeulizwa baadaye mbele ya baraza la aila.

Ipo hali nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo yawahusu sana mama zetu wa sokoni. Tuseme mama auzaye unga huko Kikula amefanywa na wenzake kuwa mwekahazina wa likelemba yao, yaani kikundi chao cha kuchangiana falanga, na kila wiki wenzake humtumia mchango wao kwa simu. Siku ya mauti yake, simuni mwake mna falanga ambazo sehemu ndogo ni yake na sehemu kubwa ni amana ya watu. Warithi wataona jumla tu. Hawataona mpaka kati ya hii na ile. Wenzake watakuja wakilia mara mbili, kwanza kwa kumlilia rafiki, kisha kwa kudai, na hawatakuwa na karatasi ya kuonyesha. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni daftari la likelemba lenye majina, tarehe na sahihi, likae kwa mtu wa pili asiye mwekahazina. Na bora zaidi, pesa za kikundi ziwe na laini yake peke yake, ambayo mwekahazina haitumii kwa matumizi ya nyumbani kwake. Mwenye kushika amana bila kuiandika huwapa watoto wake deni wasilolijua.

Sasa nije kwenye laini yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye khatari ambayo wengi hawaioni. Falanga hazimo ndani ya kile kipande kidogo cha plastiki, bali zimo katika vitabu vya kampuni. Kipande kikivunjika, pesa hazipotei. Lakini ile namba ya simu ndiyo ufunguo wa funguo zote: Google, Facebook na WhatsApp, zikitaka kuhakikisha kwamba wewe ndiwe mwenyewe, hutuma tarakimu chache za siri kwa namba hiyo. Na namba isiyotumika muda mrefu, kampuni huitwaa na kuiuza tena kwa mtu mwingine. Kwa hiyo jamaa wanaoivunja laini ya marehemu siku ya mazishi, wakidhani wanaihifadhi heshima yake, hakika wanautupa ufunguo njiani. Na yule atakayeinunua namba ile mwaka ujao huenda akapokea tarakimu za kufungulia barua za mtu asiyemjua. Shauri langu ni kwamba laini itiwe unités, yaani salio la simu, kidogo kila mara, simu ichajiwe, na vyote viwili vikae kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na warithi, mpaka akaunti zote ziwe zimekwisha kufungwa au kukabidhiwa.

Kuna taabu moja zaidi, ndogo kwa sura, kubwa kwa matokeo. Wangapi miongoni mwetu laini yao imeandikishwa kwa jina lao wenyewe? Wengi walinunua barabarani, ikaandikwa kwa jina la muuzaji au la binamu aliyekuwa na kitambulisho siku ile. Na kwa kuwa kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika mahali pa kitambulisho cha taifa, jina la mtu huweza kuandikwa hivi katika kadi, vile katika laini, na kwa namna ya tatu katika hati ya kifo inayotolewa na mwandikishaji wa komini. Kampuni ikiletewa majina matatu ya mtu mmoja haitakubali neno la mdomo la mjane. Basi aliye hai na aende sasa katika duka la kampuni yake, laini iandikwe kwa jina lake, herufi kwa herufi kama ilivyo katika kadi yake. Ni kazi ya asubuhi moja, ilhali mjane asiyefanyiwa hivyo huweza kuihangaikia miezi mingi.

Tukija katika fungu la siri, wengi hudhani kwamba mambo yamekwisha pindi neno la siri linapotajwa kwa mtoto mkubwa. Sivyo. Mwaka 2012 msichana wa miaka 15 alifariki kwa kugongwa na treni ya chini ya ardhi mjini Berlin, na wazazi wake wakataka kusoma mazungumzo yake ya Facebook ili wajue kama ilikuwa ajali au alijiua. Mama yake alikuwa na neno la siri la bintiye. Hata hivyo hakuweza kuingia, kwa kuwa akaunti ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa ya kumbukumbu, na akaunti ya namna hiyo haifunguliwi tena kwa neno lolote. Kesi ilipanda korti baada ya korti, hata tarehe 12 Julai 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho la Ujerumani ikahukumu kwamba mkataba wa akaunti huingia katika mirathi kama barua na madaftari yanavyoingia. Karibu miaka sita! Wafaransa, kwa sheria yao ya tarehe 7 Oktoba 2016, walichagua njia nyingine: kila mtu ana haki ya kuacha maagizo juu ya habari zake, ni nani azishike na zifanywe nini. Kwangu mimi njia ya Ufaransa ndiyo iliyo karibu zaidi na adabu ya kwetu, kwa sababu yamtaka mwenye siri aseme mwenyewe, wala haiwaachii warithi kubahatisha. Nasi tuna Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria tarehe 13 Machi 2023, ambayo imefanya kuingia bila idhini katika mitambo ya mtu kuwa kosa la jinai. Mpwa anayefungua simu ya marehemu kwa werevu wake na alijue hilo.

Makampuni yenyewe yameweka milango, ila milango hiyo haifunguki isipokuwa mwenye akaunti ameitayarisha. Google, tangu mwaka 2013, humruhusu mtu kuagiza kwamba akaunti yake ikikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18, habari zipelekwe kwa watu aliowataja, nao wasizidi 10, au zifutwe zote. Katika simu nyingi za hapa, ambazo maneno yake ni ya Kifaransa, utayakuta maagizo hayo chini ya «Données et confidentialité». Asiyeagiza lolote na ajue kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 Google yaweza kuifuta pamoja na picha zake zote. Ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Facebook, tangu mwaka 2015, humruhusu mtu kumtaja mrithi wa ukurasa wake, ambaye ataweza kubadili picha na kuweka tangazo la msiba, lakini hataweza kusoma barua. Wenye iPhone, ambao wengi wao ni watoto wetu walioko ng'ambo, wanaweza tangu Desemba 2021 kumtaja mtu atakayepewa ufunguo maalumu, na ufunguo huo ukiletwa pamoja na hati ya kifo, Apple humfungulia kwa muda wa miaka 3.

WhatsApp, inayotumiwa na kila mtu mjini, ndiyo iliyo ngumu. Mazungumzo yake yamefungwa hivi kwamba kampuni yenyewe haiyasomi, na akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa. Atakaye sauti ya mama yake ibaki, na aihifadhi nje ya WhatsApp angali anazungumza naye, asingoje msiba.

Umebaki wasia. Sheria yetu yaukubali wasia uliofanywa mbele ya mthibitishaji wa serikali au mwandikishaji wa komini, na pia ule ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi yake. Nasisitiza neno mkono, kwa kuwa siku hizi mgonjwa kitandani hurekodi ujumbe wa sauti akautuma kwa watoto, na watoto huamini kwamba wamepewa wasia; lakini sauti iliyorekodiwa si maandishi ya mkono, na ndugu mmoja tu akiukataa ujumbe ule mahakamani, wenye kuutegemea wataona shida kubwa. Katika wasia huo mtaje mtu mmoja wa kushughulikia simu na akaunti. Si lazima awe mkubwa wa warithi; awe mwaminifu, ajuaye simu, na ajuaye kunyamaza. Kisha usiyaandike maneno ya siri ndani ya wasia, maana wasia husomwa mbele ya baraza zima la aila na kunakiliwa. Yaandike katika karatasi ya pili, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, uiweke kwa mtu mwingine asiye yule uliyemtaja, ili mmoja awe na mamlaka bila ufunguo na mwingine awe na ufunguo bila mamlaka, mpaka siku ile watakapokutana. Na kila ubadilipo neno la siri, ichane bahasha ya kale uandike mpya.

Katika karatasi hiyo ya pili usisahau mstari mmoja juu ya yale usiyotaka yasomwe na mtu. Watu wamekuandikia habari za maradhi yao, za ndoa zao, za madeni yao, hawakumwandikia mwanao. Agiza waziwazi kwamba mazungumzo fulani yafutwe yasisomwe, na umwambie uliyemtaja kabla ya wakati, ana kwa ana, ili aahidi mbele yako. Sehemu ya nne, Mungu akijalia, itahusu pensheni ya wajane na mayatima katika CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, uliorithi kazi ya INSS.