Kwa Nini Picha Hutangulia Mionzi



Saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine yoyote. Mama wa Koboko husafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala, kupata tiba ya mionzi. Wengine hutuuliza: picha zote hizi ni za nini?

Mionzi hutolewa kwa namna mbili. Ya kwanza hupigwa kutoka nje ya mwili. Ya pili, iitwayo brakitherapi, hutolewa kwa ndani. Daktari hupitisha mirija hadi penye uvimbe, kisha mashine husukuma humo chembe ndogo ya kobalti au iridiamu. Ikimaliza dakika zake, hurudishwa kwenye kasha lake.

Chembe hiyo ni kali kwa karibu, dhaifu kwa mbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hushuka hadi robo. Hiyo ndiyo faida yake na hatari yake. Mrija ukihama milimita chache tu, uvimbe huweza kukosa mionzi, na kibofu au utumbo ukaungua.

Kwa hiyo mirija ikishawekwa, picha hupigwa, kwa eksirei au kwa mashine ya kompyuta ionyeshayo mwili vipande vipande. Wataalamu huona mrija umekaa wapi na kibofu kiko wapi, ndipo wahesabu chembe ikae sekunde ngapi kila mahali. Siku nyingine mirija ikiwekwa upya, hukaguliwa tena, kwa kuwa uvimbe umenywea na kibofu hakikujaa kama jana.

Basi tukumbuke haya:

Kwanza, picha si tiba. Aliyepigwa picha asiondoke.

Pili, mirija ikiwa ndani, mgonjwa asijigeuze bila kuambiwa.

Tatu, chembe ikirudi kashani, mwilini hakubaki mionzi. Mama ale na wanawe na arudi kazini bila kuogopwa.

Na haki yetu tuijue. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, mfanyakazi aliyetimiza mwezi kazini akiugua, hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Chukua barua ya daktari, umpe mwajiri. Akikataa, lete habari tawini mapema. Tiba iliyokatizwa njiani huipa saratani nafasi.