Dohani ya Chuma: Usalama Wake Umo Katika Maungio

Katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada na Norwei, nyumba nyingi hupata joto kwa jiko la kuni, na moshi hutolewa nje kwa dohani ya chuma yenye kuta mbili. Baina ya kuta hizo hushindiliwa kitu kizuiacho joto, kama pamba itokanayo na mawe. Pamba hiyo huzilinda mbao za dari zisiungue, na huuweka moshi katika joto ili upande upesi. Moshi ukipoa njiani huacha utomvu mweusi ushikao moto kwa urahisi.

Dohani hiyo huja vipande vipande; kwa hiyo uimara wake hutegemea maungio.

Kwanza, fundi hutazama upande. Vipande vingi vina mshale wa kuonyesha juu, nao hauna budi kufuatwa, ili utomvu utiririkao urudi jikoni usivuje nje. Pili, kipande hukalishwa sawasawa juu ya mwenzake, kisha huzungushwa mpaka kijifunge. Tatu, kiungo huvishwa mkanda wa chuma, nao hukazwa kwa skrubu yake.

Ikiwa mtengenezaji ameruhusu, skrubu fupi huweza kutiwa katika ukuta wa nje. Ukuta wa ndani usitobolewe kamwe. Ukuta huo hutanuka upatapo moto na kunywea upoapo. Ukibanwa kwa skrubu hupinda, na tundu lenyewe huvujisha moshi. Vilevile, vipande vya watengenezaji wawili visiunganishwe, hata kama vinaonekana kulingana.

Bomba jembamba la ukuta mmoja lina kanuni yake. Kila kiungo hutiwa skrubu tatu, na ncha iliyofinywa huelekezwa jikoni. Kwa kanuni za Marekani, bomba hilo hukaa sentimita 45 mbali na mbao zisizokingwa, ilhali dohani ya kuta mbili kwa kawaida huhitaji sentimita 5 tu. Kanuni hii yawafaa pia wakazi wa nyanda za juu za Burundi na Kigezi, mahali ambapo jiko la shule au la nyumbani limewekewa bomba la bati.

Kiungo kilicholegea huleta hatari mbili. Cheche huweza kufika kwenye kenchi za paa na kuteketeza nyumba. Tena, hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuwaua watu wakiwa usingizini.

Yafaa dohani ikaguliwe walau mara moja kwa mwaka, jiko likiwa limepoa. Kila kiungo kitikiswe kwa mkono, kikicheza, kikazwe. Michirizi myeusi chini ya kiungo ni dalili ya kuvuja, na jiko lisiwashwe mpaka fundi amekitengeneza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye dohani mbovu huenda akajenga nyumba nzima.