Mbona panga za mashujaa zimekuwa nyeusi?

Hebu chukua simu yako utafute mchoro wa vita kutoka Shahnameh, utenzi wa wafalme wa Uajemi ambao mshairi Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010. Nakala yake mashuhuri, iliyoanza kutengenezwa Tabriz miaka ya 1520 kwa ajili ya Shah Tahmasp, ina michoro 258. Utaona farasi wa kila rangi, bendera, na mbingu ya dhahabu inayong'aa. Sasa angalia panga, kofia za vita na maji ya mto. Kwenye michoro mingi ya Kiajemi, sehemu hizo ni nyeusi kama masizi.

Usidhani mchoraji alikusudia huzuni au usiku. Kumbe alipaka fedha! Siyo ya mfukoni, ni ile metali yenyewe, iliyosagwa ikawa unga na kuchanganywa na gundi, ili silaha zimetemete.

Kilichotokea baadaye ni kemia tu. Hewani kuna gesi kidogo zenye salfa, mojawapo ndiyo inayonuka kama yai viza. Fedha ikikutana nazo hugeuka polepole kuwa fedha salfaidi, ambayo ni nyeusi. Hata cheni yako ya fedha hufubaa hivyo hivyo. Dhahabu haishikani na salfa kirahisi, ndiyo maana mbingu ile bado inang'aa baada ya miaka 500.

Kwetu Kagera somo hili liko ardhini. Biharamulo kuna mgodi wa Tulawaka, na dhahabu kwa kawaida hupatikana ikiwa metali yenyewe. Nenda wilaya jirani ya Ngara, pale Kabanga: nikeli imeungana na salfa ndani ya mwamba, kwa hiyo lazima itenganishwe.

Utauliza, si wasugue tu? Cheni ni nene, inavumilia. Unga wa fedha kwenye karatasi ni tabaka jembamba mno. Ukisugua, unaondoa fedha na kuchubua mchoro. Wahifadhi wanachoweza ni kupunguza kasi, kwa kuutunza mbali na hewa chafu na unyevu.

Kwa hiyo mng'ao ule haurudi. Ukikutana na mtu anayesema mchoraji alichora jeshi la giza, mwambie ukweli: jeshi lilikuwa linang'aa, giza limeletwa na hewa.