Joto la Ghafla na Kelele za Feni Katika Kompyuta

Atumiaye kompyuta ya mezani katika mji wa pwani bila shaka amepata kusikia jambo hili: mashine imetulia, mtu abofya kufungua waraka mmoja tu, na mara feni yavuma kama upepo wa kusi, baada ya sekunde chache yanyamaza, kisha yaanza tena. Huko Tegeta, ambako vibanda vya stesheni vimepangana kando ya Barabara ya Bagamoyo, uvumi huo husikika kutwa nzima. Wenye mashine aghalabu hudhani kwamba prosesa inakaribia kufa, na wako waliokwisha kuingia gharama ya kununua nyingine bila sababu.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine kubwa za zama zile zilitengewa vyumba vyenye viyoyozi. Kompyuta ya kibandani haina chumba cha namna hiyo. Hewa inayoipoza ndiyo hiyo hiyo aivutayo mwenye kibanda, ambayo adhuhuri ya Januari au Februari hufika nyuzi 32 za Sentigredi na kuzidi, na chini ya paa la bati lisilo na dari hupanda zaidi.

Kwanza yafaa tuelewe joto hilo latoka wapi na laenda wapi. Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hugeuka kuwa joto. Joto hilo hupita katika pesti, yaani uji mzito uliopakwa juu ya prosesa, likaingia katika kipande cha alumini chenye mapezi, na hapo feni hulipeperusha. Tuseme njia hiyo yote huzuia joto kwa kiasi cha nusu digrii kwa kila wati. Prosesa ikitumia wati 60, itakuwa na nyuzi 30 zaidi ya hewa ya chumbani, yaani nyuzi 62 katika chumba cha nyuzi 32. Hizo si nyuzi za kutisha hata kidogo. Lakini prosesa za siku hizi zimepewa uwezo wa kukimbia mwendo wa ziada kwa muda mfupi zipatapo kazi ya haraka. Zikifika wati 120, hesabu yetu inaishia nyuzi 92. Na vumbi likiziba mapezi hata kizuizi kikawa digrii 0.7 kwa wati, hesabu inafika 116, nayo ni zaidi ya kikomo cha karibu nyuzi 100 ambacho prosesa nyingi zimewekewa. Hapo prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mwanafunzi anayejaziwa fomu ya chuo siku ya mwisho hubaki akisubiri.

Mbona basi joto hupanda kwa ghafla kiasi kile? Jibu limo katika uzito. Kipande cha silikoni kinachofanya kazi hakifiki hata nusu gramu, na gramu moja ya silikoni huhitaji jouli 0.7 tu ili ipande digrii moja. Wati 60 za nyongeza, kama zingekosa pa kutokea, zingeipandisha silikoni hiyo zaidi ya nyuzi 150 katika sekunde moja. Mapezi ya alumini yenye uzito wa gramu 500 yana tabia nyingine kabisa: wati hizo hizo huyapandisha kama digrii 0.13 kwa sekunde, au nyuzi 8 kwa dakika nzima. Silikoni ni kijiko cha maji juu ya moto. Mapezi ni sufuria ya shughuli.

Sasa msomaji ataona kosa lilipo. Feni haiigusi silikoni, hupoza mapezi. Joto la silikoni liruka kwa sekunde mbili, mapezi hayajapata hata habari, lakini feni, kwa kuwa imeamriwa kufuata kipimajoto cha silikoni, hukurupuka na kupiga kelele za bure. Na kelele hizo si haba: feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, sauti yake hushuka kwa desibeli kama 15, jambo ambalo sikio hulihesabu kuwa zaidi ya nusu ya kelele.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuifundisha feni subira. Katika kompyuta nyingi, ndani ya BIOS mna mahali pa kuchelewesha mwitikio wa feni; sekunde chache zatosha. Dawa ya pili ni kuzuia mwendo wa ziada. Katika mashine nyingi zinazotumia Windows, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99 mwendo huo hukoma. Mpiga chapa wa barua hatapoteza kitu cha maana, ila anayehariri video atauona upungufu.

Dawa hizo hazimwondolei mtu wajibu wa usafi. Vumbi la njia zisizo na lami, likichanganyika na nyuzi za nguo na unyevu wa bahari, hugandamana katikati ya mapezi kama kitambaa. Zima mashine, chomoa waya ukutani, ishike feni isizunguke, ndipo upulize. Kasha la umeme lisifunguliwe na asiye fundi. Mashine iliyokuja ikiwa imetumika ughaibuni huenda pesti yake imekauka: ifutwe kwa spiriti, ipakwe mpya kidogo, kwani ikizidi nayo huwa kizuizi. Ama desturi ya kuacha kasha wazi na kulielekezea feni ya mezani, mimi siiafiki. Hupoza kwa wiki chache, kisha huingiza vumbi maradufu, na mijusi pia.

Yote hayo yakiisha kufanywa na mashine ingali inanguruma, isikilize kwa makini. Uvumi unaopanda na kushuka ni wa joto. Mkwaruzo usiobadilika, hata asubuhi mashine ikiwa baridi, ni wa beringi iliyolika, na hapo hapana hesabu ya kupiga: feni ibadilishwe.